Kobayi Sita na Mulango wa Viviane

Jumatatu, 4 Novemba 2013. Nakivale, kambi ya wakimbizi, Uganda.

Bukavu imeanguka! Saa mbili asubuhi, jua limeshatoka, watu wako mashambani. Nguchiro ameingia jikoni kwangu kama mwenye nyumba, akatoka na Bukavu mdomoni, akapita mbele yangu bila haraka. Nilikuwa nimeshika mswaki. Nikamrushia mswaki. Hakugeuka hata kidogo.

Nieleze vizuri, maana labda siku moja shajara hii itasomwa na watu wakubwa. Bukavu huyu si muji. Ni kobayi. Kobayi ni kile kinyama cha jikoni, kinene, hakina mkia, Watanzania wanakiita simbilisi. Kwetu Kivu ya Kusini kila mama anafuga wachache karibu na mafiga. Wanakula maganda na majani, na wakisikia kisu kinakata mboga wanapiga mluzi. Hawa ni wa muke wangu, Viviane. Tulipokimbia mwaka 2009 mimi nilibeba diplome yangu ya moniteri wa kilimo, mwalimu wa wakulima. Yeye alibeba kikapu chenye kobayi wawili, amekifunika na kitenge. Diplome ililowa Bujumbura. Kobayi walizaa.

Hawa sita ni wajukuu wa wale wawili. Viviane aliwapa majina ya miji ya barabara ya kwetu, kuanzia juu mpaka kwenye ziwa: Bukavu, Nyangezi, Kamanyola, Luvungi, Sange, Uvira. Nyumba yetu ilikuwa Sange. Mungu hakutupa watoto, basi jioni alikuwa anawaita mmoja mmoja akiwapa majani, na mimi nje nikisikiliza najiona niko kwenye lori, narudi nyumbani, kituo baada ya kituo. Sikuwahi kumwambia.

Sasa Viviane hayupo. Miezi mitatu! Anapika kwenye shule ya masista kule Nyamitanga, Mbarara. Shida ilianza na mulango. Mwezi wa saba niliutoa mulango wa jikoni nitengeneze chelezo, nivue samaki katikati ya Ziwa Nakivale, fasi ambako wengine hawafiki. Mradi ulikuwa mzuri sana. Mulango ulizama siku ya kwanza. Viviane hakupiga kelele. Alitazama lile tundu la jikoni, mvua inaingia, akafunga nguo zake, akasema anaenda kutafuta kazi na mimi nilinde kobayi wake. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Mchana amekuja jirani yangu Néhémie, shemasi, mwenye simu. Ameniambia Viviane atafika Jumamosi ya tarehe 16 kuwaona kobayi wake. Akaongeza, hakuna aliyemuuliza, eti Viviane amesema mutu aliyeshindwa na kobayi sita hawezi kuachiwa muke. Sijui kama ni maneno ya Viviane au shemasi ametia chumvi. Halafu akauliza kwa nini nisiweke tu mulango. Nikamwambia hilo ni wazo la watu ambao hawakusoma.

Wamebaki watano. Siku kumi na mbili. Nguchiro nimempa cheo: Koloneli.

Jumanne, 5 Novemba

Kazi toka asubuhi! Nimejenga hoteli. Nguzo nne za kalitusi, urefu mpaka kifuani kwangu, na juu yake sanduku zuri lenye nyasi kavu. Miguu yote nimeipaka oili chafu ya mashine ya kusaga. Koloneli ajaribu kupanda tuone!

Néhémie anasema ningewaacha jikoni, niwashe moto, nikae nao. Ati nikae jikoni! Kwetu mwanaume akikaa kwenye mafiga wazee wanamcheka mpaka siku ya mazishi yake, na kwenye mazishi wanakumbushana. Toka Viviane aende moto haujawashwa humo. Mimi nakula mahindi ya kuchoma kule senta. Kobayi wamenyamaza, hawapigi tena mluzi. Nadhani ni baridi.

Juu ya hoteli nimepaacha wazi kwa makusudi. Kobayi anahitaji jua, jua lina vitamini, tulifundishwa. Néhémie amezunguka hoteli mara mbili akauliza paa liko wapi. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Novemba

Nyangezi imeanguka. Kutoka hewani.

Mwewe. Saa sita kamili. Alishuka, akachukua, akaenda zake, na mimi chini nimeshika rungu nalinda miguu ya hoteli. Néhémie alikuwa uani kwake. Akatazama juu, akanitazama mimi, akaingia ndani. Afadhali angecheka.

Najitetea. Vitamini tulisoma trimesta ya kwanza. Ndege wakali walikuwa wa trimesta ya pili. Trimesta ya pili ilikuja vita.

Nimerudisha wanne jikoni. Hoteli nimeivunja. Oili imebaki kwenye suruali yangu ya kanisani.

Alhamisi, 7 Novemba

Wazo! Nimeamka nalo. Wakati Viviane yupo, Koloneli hakuwahi kukanyaga uani. Kwa hiyo Koloneli anamuogopa Viviane. Namuelewa. Basi dawa ni Viviane.

Nimemtengeneza kwa miti miwili na gunia la nyasi. Kitenge chake cha bluu chenye samaki wa njano kilikuwa bado kwenye msumari, hakukibeba. Nikamvika. Kitambaa kichwani, mwiko mkononi, nikamsimamisha kwenye tundu la mulango. Saa kumi Koloneli akaja. Akasimama. Akanyanyua mguu mmoja. Akarudi alikotoka! Ushindi! Niliruka mpaka Néhémie akachungulia juu ya uzio.

Jioni, jua likiwa bado kidogo, nilichukua kiti nikakaa karibu na yule wa miti. Si kwa sababu yoyote, nilikuwa nimechoka tu. Kitenge bado kina harufu ya moshi na sabuni ya kipande. Nikamwambia habari za mwewe. Nikamwambia juu ya barabara, kwamba nilikuwa nasikiliza kila jioni. Nikamwambia nimemkumbuka mingi, mpaka mahindi yamekosa utamu. Hakujibu. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa pia hakuwa anajibu.

Jumamosi, 9 Novemba

Balaa! Balaa tupu!

Jana mama wa kwaya walipita njiani, wakamsalimia yule wa miti kwa furaha kubwa, karibu tena mama, habari za Mbarara. Hakuitika. Wakasema amekuwa na maringo. Mmoja akatazama vizuri akasema huyu si Viviane, huyu ni mwembamba. Leo saa nne kijiji kizima kinajua Gervais, ndiyo mimi, ameingiza muke mwingine, mwembamba, hasalimii watu, na anavaa vitenge vya mwenzake.

Saa sita simu ya Néhémie ikalia. Viviane. Aliuliza swali moja tu: nani amevaa kitenge changu? Néhémie anaapa kwamba alijibu kwa haki, kwamba ameona kitu lakini kwa mbali, hawezi kushuhudia. Nikamuuliza kwa nini hakutembea hatua kumi akaangalia! Akasema yeye ni shemasi, hawezi kusogelea mwanamke asiyemjua.

Nikamuomba simu nimpigie. Chaji imeisha.

Jumapili, 10 Novemba

Mchungaji amehubiri juu ya uaminifu katika ndoa. Macho yote kwenye benchi langu. Baada ya ibada nilisimama nikaalika kanisa zima lije nyumbani lione miti. Walikuja wanne. Wakaona, wakashika, wakasema poleni. Sasa habari imebadilika: Gervais hana muke wa pili, Gervais amerukwa na akili, anaishi na miti na anaiwekea kiti.

Na huyu hapa! Tulipofika Koloneli alikuwa amelala kwenye kivuli cha kitenge, chini kabisa ya sketi, amenyoosha miguu. Siku tatu tu ameshamzoea. Mimi miaka kumi na nne sijaweza.

Nimemvua kitenge nikakikunja vizuri. Nimelaza miti nyuma ya nyumba. Kobayi bado wanne.

Jumatatu, 11 Novemba

Mbwa! Kwa nini sikufikiria mbwa?

Ng'ambo ya bonde, njia ya kwenda Ngarama, anakaa Sebagabo, Munyamulenge wa milima ya kwetu Kivu, mchungaji wa ng'ombe. Ana mbwa anaitwa Komando ambaye, kwa maneno ya Sebagabo, fisi wa Isingiro wanampisha njia. Nilimuomba siku moja tu. Alinisikiliza akiegemea fimbo yake. Akauliza wanyama wenyewe wana pembe za namna gani. Nikamwambia hawana pembe. Akasema hajawahi kusikia mutu analinda kitu kisicho na pembe, lakini ujirani ni ujirani.

Nikamfunga Komando jikoni kwenye tundu la mulango. Koloneli akaja, akaona, akakimbia, mkia juu! Nikacheka kwa sauti. Nikaenda bombani na jerikani yangu nikiimba.

Niliporudi Komando alikuwa anajilamba. Kamanyola imeanguka.

Nikamrudisha kwa mwenyewe na maneno makali tayari mdomoni. Sebagabo hakukasirika, alihuzunika. Aliniuliza kama nilimjulisha mbwa. Kumjulisha namna gani? Akanieleza polepole, jinsi unavyomweleza mgonjwa. Ndama akizaliwa, anamshika, anamleta kwa Komando, anamtajia jina lake, Komando ananusa, basi imekwisha, ni wa nyumbani. Je, mimi nilimtajia majina? Sikumtajia. Sebagabo akampapasa mbwa wake masikio na kumwambia pole. Mbwa ndiye aliyepewa pole!

Wamebaki Luvungi, Sange na Uvira.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda Mbarara. Sikuweza kuvumilia tena habari ya kitenge. Nimepanga maneno yangu usiku kucha: kwanza salamu, pili miti, tatu msamaha, na kobayi tusiwataje.

Ulinzi kabla ya kuondoka: beseni kubwa la chuma, nikalipindua uani juu ya Luvungi na Uvira, na jiwe juu yake. Jiwe hilo tulilinyanyua wawili, mimi na Néhémie. Sange hakukamatika, alijificha nyuma ya mafiga. Nikamwambia shauri yako.

Nilivuka daraja la Rwizi kwa miguu mpaka Nyamitanga. Kwenye geti la shule askari akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda, mzee, wewe nataka nani? Nikamwambia nataka mpishi. Akauliza, mpishi ya nini? Nikashindwa kueleza mpishi wa nini. Akaniambia nisimame pale kwa kivuli.

Nikasimama. Jiko lao lilikuwa karibu tu na uzio. Moshi ulikuwa unatoka, na harufu ya vitunguu. Halafu nikasikia Viviane anacheka. Ni yeye, hakuna mwingine anayecheka hivyo, kwanza puani halafu mwili wote. Kuna kitu mwenzake alimwambia, na yeye akacheka. Toka mambo ya ziwa sijaisikia sauti hiyo. Nikajitazama shati, kifungo kimoja hakipo. Nikajiuliza, akiniuliza Bukavu iko wapi nitasema nini. Maneno yangu yote matatu yakapotea.

Nikamwambia askari nimekosea shule. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa karanga. Nimekula karanga zake darajani, natazama maji. Nilikuwa karibu naye hatua ishirini, na nimerudi bila kumuona. Usiku kucha nilikuwa nimepanga kinyume.

Nilifika nyumbani jua linazama. Jiwe liko juu ya beseni, halikusogea. Pembeni mwa beseni udongo umechimbwa, shimo safi, la kazi nzuri. Luvungi imeanguka. Uvira imeanguka.

Niliketi chini jikoni, na Sange akatoka mwenyewe nyuma ya mafiga, akanitazama, akapiga mluzi. Njaa tu, najua. Lakini ilikuwa miezi mitatu hakuna aliyeniita humo ndani.

Jumatano, 13 Novemba

Hakuna wazo. Nimekaa kwenye tundu la mulango, mwenyewe, na mwili wangu. Mgongo kwenye mwimo mmoja, miguu kwenye mwimo mwingine. Apite juu ya maiti yangu.

Mvua ilinyesha, Sange akaanza kutetemeka. Nikawasha moto. Nilitazama kwanza njiani kama kuna mutu. Kwa kuwa moto ulikuwepo, nikaweka maji. Kwa kuwa maji yalichemka, ningefanya nini, nikatia unga. Bugali umetoka na madonge, lakini ni moto, na ni wangu. Sange alikula maganda ya ndizi karibu na goti langu.

Mama wa kwaya walipita. Safari hii walisalimia mimi. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Néhémie alikuja akauliza kama sasa aniite Mama Gervais. Nikamwambia aniite anavyotaka, ila alete chumvi. Akaleta. Akala pia.

Saa nne Koloneli alipanda juu ya kile kichuguu cha upande wa shamba. Tukatazamana. Mimi sikupepesa. Yeye akajikuna, akaondoka. Hakuna rungu, hakuna oili. Ajabu! Nitachunguza sababu.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika na masizi mkononi, mwandiko utanisamehe.

Nilikuwa fasi yangu ile ile, sombe ya majani ya mihogo iko motoni inaanza kuungua, Sange amelala juu ya mguu wangu. Saa tisa pikapu ya Mbarara ikasimama njiani. Akashuka Viviane. Siku mbili kabla! Hakusalimia. Akaja moja kwa moja, akaruka miguu yangu, akaangalia jikoni, akaingia nyumba kubwa, akazunguka nyuma. Anamtafuta mwembamba. Nikamfuata, nikamuonyesha: miti miwili, gunia, mwiko. Nikamletea kitenge kimekunjwa.

Akatazama miti. Akanitazama mimi, masizi mpaka kwenye masikio, mikono imejaa sombe. Akaanza puani. Halafu wote! Alicheka mpaka akashika ukuta. Yesu wangu. Kwa kicheko hicho nitatengeneza miti mia.

Alipomaliza akajifuta macho na kuanza kuita. Bukavu? Nikasema imeanguka. Nyangezi? Imeanguka. Kamanyola? Imeanguka. Alikuwa anaita polepole, kama jioni zile. Luvungi? Nilitikisa kichwa. Sange? Nikarudi kwenye tundu la mulango, nikakaa, nikanyoosha mguu, na Sange akaja kuulalia. Uvira hakuiuliza. Aliuona uso wangu.

Alimbeba Sange, akamuweka chini ya kidevu. Akakaa hivyo mpaka sombe ikaungua yote. Halafu akasema, basi, hata zamani sisi tulikuwa tunashukia Sange.

Wakati huo dereva alikuwa anapiga honi, anataka kushusha mzigo. Mzigo ni mulango. Mpya, wa mbao, rangi ya bluu, na bawaba zake. Nikauliza ni wa nani. Viviane akaniuliza, mimi nilifikiri amepika miezi mitatu kwa ajili ya nini. Nikamwambia nilifikiri ameniacha.

Akasema angekuwa ameniacha, angebeba kobayi wake.

Jumamosi, 16 Novemba

Mulango ameuweka yeye mwenyewe. Hakuniruhusu kushika nyundo, wala misumari, wala kusimama karibu. Unafunga vizuri sana. Amekula sombe yangu ya pili, amesema haina mawese ya kutosha, lakini amekula. Amempapasa Sange tumbo, akasema ni mimba. Mimi kama moniteri nilikuwa nimeshahisi.

Leo asubuhi amerudi Nyamitanga kumaliza trimesta. Jumamosi ya tarehe 30 anarudi moja kwa moja. Moja kwa moja! Aliacha amri: mulango ubaki fasi yake, mulango ufungwe nikitoka, mulango si wa kazi nyingine yoyote. Alinifanya nirudie kwa mdomo, mbele ya Néhémie. Nikarudia. Niliumia kidogo, sitaficha. Mimi si mtoto.

Pikapu ilipoondoka nilisimama njiani mpaka Néhémie akanishika mkono.

Jumapili, 24 Novemba

Sange amezaa! Watatu! Kobayi anazaliwa macho wazi, manyoya tayari, saa moja tu anakimbia. Mmoja ana doa jeupe kwenye paji la uso. Sijawapa majina, hiyo ni kazi ya mama yao Viviane. Nadhani ataanza tena juu, Bukavu.

Koloneli alikuja kukwaruza mulango. Akakwaruza, akanusa chini, akaenda zake. Nikaubusu mulango. Ndiyo, nimeubusu, na Néhémie aliona.

Siku sita. Nafagia uwanja mara mbili kwa siku. Napika kila mchana nisisahau. Madonge yamepungua. Nimeshona kifungo.

Jumamosi, 30 Novemba

Ndiyo leo! Anafika saa tisa. Sasa ni saa nane na nusu, naandika haraka nimesimama.

Mvua toka Alhamisi. Mtaro mbele ya nyumba umejaa maji na matope mpaka magotini. Na Néhémie anasema kwenye simu Viviane amemwambia muke wake Néhémie kwamba amejinunulia viatu Mbarara. Vyeupe! Amepika miezi minne kwenye moshi, anarudi kwake na viatu vyeupe, na kitu cha kwanza kumpokea kiwe matope ya Gervais? Haiwezekani.

Néhémie ameleta ubao. Ubao mmoja, mwembamba, wa bata. Nimemwambia asante, muke wangu si bata. Nilitaka kitu kipana, kilichonyooka, chenye nguvu, cha kupendeza. Nimezunguka parseli yote, kiwanja kizima. Kila kitu hapa kimepinda, isipokuwa kimoja.

Ni kwa saa moja tu. Bawaba zina skrubu nne kila moja, kisu cha mezani kinatosha. Nimelaza mulango juu ya mtaro na umeenea sawasawa, kana kwamba fundi aliupima hapo! Nimeuosha. Bluu yake inang'aa. Nimekanyaga mimi mwenyewe mara tatu, hauzami. Ule wa ziwani ulikuwa mbao mbaya, sasa naelewa. Atashuka, atatembea juu yake kama bibi arusi, na atajua nilivyomngoja. Akishavuka tu naurudisha, dakika kumi.

Néhémie ameona, ameshika kichwa, ameingia ndani kwake. Wivu.

Sange na watoto wako jikoni wanakula, wanapiga mluzi wote wanne. Nimewaambia wasitoke. Koloneli amekaa juu ya kichuguu toka nilipoanza skrubu ya kwanza. Ananitazama mimi, anatazama jikoni, ananitazama mimi. Simuogopi. Nimesimama hapa hapa kwenye tundu, na anajua sipepesi.

Pikapu! Naisikia kwenye kona, inapiga honi! Nakimbia njiani nikampe mkono.